Bunduki Mpya, Sahani Zilezile: Vidokezo 13 kwa Mlenga Shabaha wa Mombasa

Hongera. Umesubiri kibali, umelipa, na hatimaye bunduki mpya ya marisau imelala kabatini kwako, mbao zinang'aa, mitutu haina hata alama ya kidole. Ile ya zamani ulikuwa ukiipandisha begani bila kufikiri, na sahani za shabaha zikipasuka. Hii ina urembo wote wa dunia, lakini sahani zinapita nzima nzima hadi majanini, na wenzako wanatazama pembeni kwa adabu.

Usiilaumu bunduki, na wewe usijilaumu. Bunduki ya marisau haina kilengeo cha nyuma kama bunduki ya risasi moja. Kilengeo cha nyuma ni jicho lako. Kitako kikizidi urefu kidogo tu, au mgongo wake ukishuka kidogo, shavu linakaa pengine, jicho linahama, na jicho likihama marisau nayo yamehama. Mwili wako bado unapandisha bunduki ya zamani, ila mikononi umeshika nyingine. Mazoea yana taabu, walisema wakubwa.

Kwa mkaazi wa kisiwani kuna nafuu moja: sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji risasi hata moja. Risasi ni ghali na uwanja uko ng'ambo ya daraja, lakini bega, shavu na jicho hufunzwa nyumbani, bure, dakika chache kila siku. Fuata vidokezo hivi kwa mpangilio wake, maana cha tisa hakina faida kama cha nne hujakifanya.

1. Maliza habari ya karatasi

Bunduki mpya ina namba mpya. Silaha za raia Kenya husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na vibali hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Kabla ya jambo lolote, linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye cheti, tarakimu kwa tarakimu. Tazama pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Idadi hiyo ndiyo itakayoamua utafanya mazoezi kiasi gani kwa wakati mmoja, hata kama mfuko wako unaruhusu zaidi.

Safarini, bunduki isafiri ikiwa imefunguliwa vipande ndani ya begi lake, na karatasi ziwe karibu na mkono. Ukivuka Daraja la Nyali kuelekea Bamburi, ambako wenye silaha wengi wa pwani huijua Bamburi Rifle Club, usifanye vituo njiani. Ukiwa unatoka upande wa kusini, kumbuka kuna ukaguzi kivukoni Likoni. Jitambulishe kwa askari mapema, kabla begi halijajitambulisha lenyewe. Na piga simu kabla ya kuondoka: si kila uwanja wa shabaha una mtambo wa kurusha sahani, na si kila siku.

La mwisho: usiipitishe barazani kuionyesha. Mtoto akiiona Kibokoni saa sita, Ndia Kuu yote inazo habari kabla ya alasiri. Mwizi naye ana masikio.

2. Chagua chumba, kisha ondoa risasi zote

Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, yaani karibu mita 3. Bunduki yenye mitutu ya sentimita 76 ina urefu wa karibu sentimita 120 kutoka kitako hadi mdomo. Ukiizungusha ovyo utavunja kioo cha kabati la mama, na hapo mazoezi yamekwisha. Simama ukitazama urefu wa chumba.

Kanuni za chumba ni tano, na hazina mjadala. Fungua bunduki utazame ndani. Itazame mara ya pili, hata kama umeitazama sasa hivi. Risasi zote zikae chumba kingine, zimefungiwa. Mdomo uelekee ukuta mnene wa mawe, si mlango wala kiambaza cha mbao. Na madirisha yafungwe: katika mitaa yetu roshani ya jirani iko karibu kiasi cha kupokezana sukari, na jirani anayeona mtutu hatasubiri kuuliza kama una cheti. Kwa sababu hiyohiyo, darini juu ya nyumba hapafai kabisa. Waambie wa nyumbani unafanya nini, watoto wakae nje, na ukimaliza bunduki irudi kabatini kwa ufunguo.

3. Jua jicho lipi ni bwana

Macho mawili hayana cheo sawa, moja huongoza. Nyosha mikono mbele, kutanisha viganja uache tundu dogo, kisha utazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo, tuseme ncha ya mnara wa Msikiti wa Mandhry. Fumba jicho la kushoto. Mnara ukibaki ndani ya tundu, jicho lako bwana ni la kulia. Ukitoweka, ni la kushoto.

Mwenye bega la kulia na jicho bwana la kulia aende moja kwa moja kidokezo cha nne. Mwenye bega la kulia na jicho bwana la kushoto ana kazi kidogo, na huenda bunduki ya zamani ilikuwa ikimfichia tatizo. Njia ni tatu: kuhamia bega la kushoto, jambo gumu kwa mtu mzima lakini rahisi kwa anayeanza, kufumba jicho la kushoto muda mfupi kabla ya kufyatua, au kubandika kipande kidogo cha utepe hafifu kwenye kioo cha kushoto cha miwani, mahali pale mtutu unapoonekana. Jaribu ya tatu kwanza. Haigharimu kitu, na hukuachia macho yote mawili kuusoma mwendo wa sahani.

4. Pima bunduki mwilini

Bunduki ni kama kanzu: inaweza kuwa ya kitambaa bora na bado ikakukaa vibaya mabegani. Vipimo vinavyohusika ni vitatu. Cha kwanza ni urefu wa kitako, kutoka kifyatulio hadi mwisho wake; bunduki nyingi kutoka kiwandani huwa na karibu sentimita 37. Cha pili ni kimo cha mgongo wa kitako, pale shavu linapolala. Cha tatu ni mpindo wa pembeni, yaani kitako kimeelekea kulia au kushoto kiasi gani.

Kile kipimo cha kuweka kitako kwenye kiwiko na kuona kama kidole kinafika kwenye kifyatulio ni cha madukani. Hakikuelezi shingo yako wala shavu lako. Fanya hivi badala yake. Simama, fumba macho, pandisha bunduki tupu hadi shavuni kwa raha zako, kisha fumbua. Kati ya pua na mkunjo wa kidole gumba kuwe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ikiwa pua inagusa kidole, kitako ni kifupi na teke la kwanza litakufundisha. Ikiwa kitako kinakwama kwapani kila unapopandisha, ni kirefu.

Sasa tazama mbele. Unatakiwa kuuona ukanda ulio juu ya mtutu kidogo tu, na kishanga cha mbele kikiwa katikati. Ukiona kisogo cha bunduki kimeziba kila kitu, jicho liko chini mno. Ukiona ukanda mzima kama barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, jicho liko juu mno. Rudia mara kadhaa huku umefumba macho. Mara moja haitoshi kutoa hukumu.

Wanawake wengi hukutana na bunduki iliyopimwa kwa mwanamume mrefu wa Ulaya. Dada, usivumilie. Kitako kifupi zaidi na mgongo ulioinuliwa kidogo kwa ajili ya shingo ndefu hubadilisha kila kitu.

5. Pima ukiwa umevaa utakavyovaa

Kidokezo kifupi, lakini watu hukisahau. Kitako hukaa juu ya nguo. Kanzu pana hujikunja begani, mkunjo wa mtandio huingia kati ya shavu na mbao, kola nene huongeza urefu. Chagua vazi la uwanjani sasa: lililokaza kidogo begani, mtandio uliobanwa vizuri upande wa shavu, na kofia yenye ukingo wa mbele, kwa sababu kofia ya kiua haikukingi jua la saa tatu. Vipimo vyote vya kidokezo cha nne vichukuliwe ukiwa ndani ya vazi hilo.

6. Usimpelekee seremala wa mtaani

Najua unamjua. Mafundi wa mji huu wamechonga milango ambayo watu husafiri kuja kuitazama, na kukata sentimita moja ya kitako kwake ni kazi ya kabla ya chai. Ila bunduki si mlango. Kisheria, biashara ya kutengeneza silaha ni ya wafanyabiashara waliosajiliwa, na kumwachia mtu asiye na kibali bunduki yako ni kosa, hata akiwa shemeji. Tena mbao ikikatwa haikui.

Anza na mambo yanayoweza kurudishwa. Bunduki nyingi za leo huja na vipande vya kuongeza urefu kati ya mbao na mpira wa nyuma. Ongeza au punguza kimoja. Kuinua shavu, kuna utepe laini wa sponji unaobandikwa juu ya mgongo wa kitako, tabaka kwa tabaka. Baadhi ya bunduki zina mgongo unaopanda na kushuka kwa skrubu. Tumia hivyo kwa miezi michache. Ukishajua hasa unataka nini, ndipo uende kwa fundi bunduki mwenye kibali.

7. Panda, shuka, panda: dakika 10 kila siku

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Mlengaji anayepandisha bunduki vilevile kila mara hupiga vizuri hata kwa bunduki ya kawaida, na asiyepandisha vilevile hakuna fedha itakayomwokoa.

Anza polepole, polepole mno, kama unayefundisha. Mkono wa mbele ndio kiongozi: unaunyosha mtutu kuelekea pale sahani ilipo. Mkono wa nyuma unainua kitako hadi shavuni, kisha bega linasogea mbele kidogo kukipokea. Bunduki huja usoni. Uso haushuki kuitafuta bunduki. Kichwa kikibaki kimetulia, jicho halihami, na hiyo ndiyo nusu ya mchezo.

Ukizoea kupandisha mahali pamoja, ongeza mwendo. Tazama ule mstari ambapo ukuta unakutana na dari. Weka mdomo wa mtutu kwenye kona moja na uufuate mstari hadi kona ya pili, ukipandisha kitako njiani, bila mtutu kuyumba juu wala chini. Kama juu yako wanaishi watu, tumia mstari wa rafu ya ukutani badala ya dari. Dakika 10 zinatosha. Ukichoka mikono utaanza kudanganya, na mwili utakariri udanganyifu.

8. Zifahamu swichi kabla hazijakuaibisha

Kila bunduki ina tabia zake. Ya mitutu miwili juu na chini huwa na kitufe cha kuchagua mtutu upi utangulie. Nyingine kufuli yake ya usalama hujifunga yenyewe kila unapoifungua. Ukitoka kwenye bunduki isiyojifunga ukaingia kwenye inayojifunga, sahani ya kwanza itaruka huku wewe unavuta kifyatulio kigumu kama kitasa. Bunduki inayojipakia yenyewe nayo ina mtutu mmoja, uzito wake umeegemea mbele, na ganda hutoka pembeni badala ya kubaki mkononi mwako.

Nunua risasi bandia mbili. Ni za plastiki au shaba, hazina baruti, na hukuruhusu kuvuta kifyatulio bila kuchosha vyuma vya ndani. Vuta mara nyingi hadi kidole kijue pale kifyatulio kinapoachia. Kikiachia mapema kuliko cha zamani, utapiga kabla ya kuwa tayari. Kikichelewa, utapiga hewa pale sahani ilipokuwa.

9. Siku ya kwanza uwanjani, piga karatasi

Usikimbilie mtambo. Simamisha karatasi kubwa, ichore alama katikati, simama umbali wa mita 15, na upige mara tatu au nne kwa kupandisha kwa kawaida, macho kwenye alama, bila kujitahidi kulenga. Kisha tazama kundi la marisau limekaa wapi. Likiwa katikati au juu kidogo, mshukuru Mungu uendelee. Likiwa chini au pembeni, bunduki imekuambia ukweli kwa bei ndogo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kutoka jichoni hadi mdomo wa mtutu ni karibu mita moja, kwa hiyo kwa mita 15 kila milimita 1 unayoinua shavu hupandisha marisau karibu sentimita 1.5. Kundi likiwa chini kwa sentimita 5, utepe wa sponji wa milimita 3 hivi umemaliza kesi.

Baada ya hapo sogea hadi mita 36 uone marisau yanavyotawanyika ndani ya duara la upana wa sentimita 76. Hilo huamuliwa na choki, yaani ule mbano ulio mdomoni mwa mtutu. Mtutu usiobanwa huacha kama asilimia 40 ya marisau ndani ya duara hilo. Uliobanwa kabisa huacha kama 70. Kila mbano uliozidi hukunyima nafasi ya kukosea. Wakati wa kuzoea, tumia mbano mdogo. Sahani za karibu hazihitaji zaidi.

10. Anza na risasi nyepesi

Katika mashindano ya Olimpiki mzigo wa marisau hauruhusiwi kuzidi gramu 24, na kwa gramu hizo mabingwa wa dunia huvunja sahani siku nzima. Basi gramu 28 au 32 unazojazia bunduki mpya ni za nini? Mzigo mzito huongeza teke, na teke hufundisha mwili kuogopa. Ukishaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, utahitaji miezi kujiponya.

Bunduki mpya ikiwa nyepesi kuliko ya zamani, teke litaongezeka hata kwa risasi zilezile. Shikilia aina moja ya risasi hadi uzoee. Ukibadilisha bunduki, risasi na choki siku moja, hutajua nani aliyekosa.

11. Sahani rahisi kwanza, na macho yasirudi nyuma

Sahani yenyewe ina upana wa milimita 110 na uzito wa karibu gramu 105. Mwombe anayeendesha mtambo akurushie zile zinazokwenda moja kwa moja mbele yako, si za kukata upande. Piga duru moja ya sahani 25, pumzika, piga nyingine kama bado una nguvu. Nenda asubuhi, kabla jua halijachukua nusu ya akili yako. Ukiona umeanza kukosa zile ulizokuwa ukivunja, funga kazi. Kuendelea ni kujifunza kukosa.

Kosa kubwa la mwenye bunduki mpya ni kuitazama bunduki. Kishanga ni kipya, ukanda ni mpana zaidi, jicho linavutwa kurudi kuhakiki. Sekunde hiyo mtutu umesimama, na sahani imekwenda zake. Hakiki ulishaifanya nyumbani na kwenye karatasi. Uwanjani tazama ukingo wa mbele wa sahani, huo tu, na mtutu uendelee kutembea hata baada ya mshindo.

Je, upandishe bunduki kabla ya kuita sahani, au baada? Katika mchezo wa trapu inaruhusiwa kuiweka begani mapema, na kwa wiki za kwanza ni msaada mkubwa kwa sababu unaweza kukagua shavu kwanza. Katika skiti ya kimataifa kitako hubaki chini karibu na nyonga hadi sahani itokee, nayo huweza kucheleweshwa hadi sekunde 3. Huko ndiko dakika 10 zako za nyumbani zitakakojulikana kama zilikuwa za kweli.

Ukitaka somo la skiti, watafute kwenye video jamaa zetu wa Ghuba. Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alitwaa shaba ya skiti kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa amevaa jezi ya Arsenal, kwa kuwa nchi yake ilikuwa imesimamishwa na yeye alishiriki kama mwanamichezo huru. Michezo ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021 alikuwa na miaka 57, na akatwaa shaba tena. Mashabiki wa Arsenal wa Mombasa wana mahali pengine pa kutafutia medali. Mtazame kichwa chake, si jezi: bunduki inapopanda, hakitikisiki.

12. Soma upepo, ogopa chumvi

Pwani yetu haina siku mbili za upepo sawa, lakini ina majira yanayojulikana. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huja kutoka kusini, huanza na mvua za masika na kukaza hasa Juni hadi Agosti. Upepo unaokuja usoni mwako huinyanyua sahani, kwa hiyo utapiga chini yake. Upepo wa mgongoni huikandamiza, utapiga juu. Bunduki mpya ikionekana mbovu siku ya Kusi, subiri siku tulivu kabla ya kugusa kitako.

Chumvi nayo haina likizo. Hewa ya kisiwani, pamoja na jasho la mikono, huweza kuacha madoa ya kutu kwenye chuma kipya kabla hata hujalizoea jina lake. Kila ukirudi, hata kama hukufyatua, pangusa vyuma vyote kwa kitambaa chenye mafuta ya bunduki. Pitisha ufito na kitambaa ndani ya mitutu, toa choki, safisha nyuzi zake, tia grisi kidogo na urudishe. Mafuta ya nazi yaache jikoni. Begi lenye sponji ni la safari tu, kwa sababu sponji hunywa unyevu na kuulaza ubavuni mwa chuma. Nyumbani bunduki ikae kabatini penye hewa, na vifuko vya kunyonya unyevu vibadilishwe kila vinapochoka.

Mwilini pia kuna usafi. Vaa vizibo vya masikio na miwani kila duru, kwa sababu uwezo wa kusikia ukipotea haurudi. Na marisau ya kawaida ni ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Osha mikono na uso kwa sabuni kabla ya kushika viazi karai.

13. Badilisha jambo moja, andika, subiri

Kila jioni ya uwanjani jaza mistari mitatu kwenye daftari: upepo ulikuwa gani, ulitumia risasi na choki ipi, na ulivunja sahani ngapi kati ya 25. Ukitaka kubadilisha kitu, badilisha kimoja tu, ukiache kwa ziara kadhaa, ndipo uhukumu. Mwenye kuongeza sponji, kubadilisha choki na kuhamisha mguu katika asubuhi moja atarudi nyumbani na maoni mengi, asijue lipi ni kweli.

Na bunduki ya zamani? Acha kuichanganya na mpya katika kipindi hiki, maana kila unapoishika unaurudisha mwili nyuma. Lakini usiharakishe kuiuza. Ikipita miezi ya mazoezi ya nyumbani, karatasi imesema kundi liko katikati, kitako kimerekebishwa, na daftari bado linaonyesha alama chini ya zile za zamani, basi tatizo ni bunduki, nawe una ushahidi wa maandishi. Iuze mpya kwa njia ya sheria bila kinyongo. Daftari likionyesha alama zimepanda, ya zamani ina mnunuzi wake, na karatasi zake uzihamishe kwa utaratibu uleule wa kidokezo cha kwanza.